Padre Vincent Donovan na Maboma ya Loliondo



Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, barabara ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi Karatu hujaa magari ya watalii. Katikati ya magari hayo yapo machache ambayo hayakuja kwa ajili ya simba na faru wa kreta. Yamebeba vijana Wakristo kutoka Marekani na Ulaya, waliochanga fedha parokiani kwao mwaka mzima ili waje kujitolea vijijini kwa wiki mbili au tatu. Hupaka rangi madarasa, hubeba matofali, hufundisha watoto nyimbo, hugawa madaftari na viatu. Siku ya mwisho hushuka kreta, na kesho yake wako njiani kurudi uwanja wa ndege.

Sisi mafrateri tunaopelekwa vigangoni wakati wa likizo ndefu hatuko mbali nao sana. Tofauti ni kwamba tunakaa wiki nyingi kidogo na hatuna viatu vya kugawa. Hilo la viatu si dogo. Yeyote kati yetu aliyewahi kufika kijijini mikono mitupu anajua swali analokutana nalo, hata lisiposemwa kwa mdomo: mmetuletea nini? Wapo waliolijibu kwa kuahidi kisima ambacho hawakuwa na uwezo wa kukichimba. Wapo waliolijibu kwa kucheza mpira na vijana hadi likizo ikaisha, na jina la Yesu likatajwa tu wakati wa sala ya kufungua na kufunga mechi.

Kuna padre mmoja aliyeishi kaskazini mwa Ngorongoro ambaye swali hilo lilimgeuza maisha. Alifariki mwaka 2000, mwaka ambao wengi wa darasa letu ndio kwanza tulikuwa tunazaliwa. Jina lake ni Vincent Donovan.

Alizaliwa mwaka 1926 nchini Marekani, akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifika Tanganyika katika miaka ya 1950, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, na akakaa hadi mwaka 1973, Tanzania ikiwa imeshatimiza miaka sita ya Azimio la Arusha. Katikati ya miaka ya 1960 alijikuta Loliondo, karibu na mpaka wa Kenya, eneo ambalo leo liko ndani ya Wilaya ya Ngorongoro. Jimbo la Arusha lilikuwa changa, limeundwa mwaka 1963, na askofu wake wa kwanza, Dennis Durning, alikuwa wa shirika lake na Mmarekani mwenzake.

Anayetaka kuelewa umbali wa Loliondo apite Karatu, kwenye mashamba ya ngano na kahawa ya Wairaqw, apande msitu hadi ukingo wa kreta, ateremke upande wa pili kwenye uwanda mkavu wa Oldupai, kisha aendelee kaskazini. Leo safari hiyo inachosha. Miaka ile, na barabara za miaka ile, ilikuwa nusu ya kazi ya mmisionari.

Misheni aliyoikuta ilikuwa misheni nzuri. Tunasema hivi kwa makusudi, kwa kuwa habari zake zikisimuliwa harakaharaka watu hudhani alikuta uvivu na uzembe. La. Kulikuwa na kanisa dogo. Kulikuwa na hospitali iliyojengwa vizuri. Kulikuwa na shule nne zinazoendeshwa kwa gharama ya misheni. Mapadre walisaidia watu kwa maji, kwa ng'ombe, kwa usafiri wa wagonjwa. Wamaasai waliwapenda mapadre, na mapadre waliwapenda Wamaasai. Gari la misheni likisimama popote, watu walilikimbilia.

Mwezi Mei mwaka 1966 Padre Donovan aliketi akamwandikia askofu wake barua. Ilikuwa miezi mitano tu tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ufungwe, na hati yake juu ya utume wa Kanisa kwa mataifa, Ad Gentes, ilikuwa bado mbichi mikononi mwa watu. Katika barua ile alihesabu. Misheni ilikuwa katika mwaka wake wa saba. Alitafuta Mmaasai mtu mzima wa Loliondo ambaye ni Mkristo anayeishi imani yake, akakosa hata mmoja. Waliokuwapo ni katekista na mhudumu wa hospitali, nao walitoka sehemu nyingine za Umaasaini. Watoto walisoma dini shuleni, walibatizwa, na walipomaliza shule na kurudi bomani, imani ilibaki kwenye daftari. Hesabu yote, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa sifuri.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa jingine. Mapadre walikuwa wameingia katika maboma mara nyingi mno, kwa ajili ya ng'ombe, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya kuomba watoto wapelekwe shule. Juu ya Mungu walikuwa hawajaongea. Kila mmoja aliona bado mapema, kwamba kwanza urafiki ukomae, kwanza waone upendo wetu, kisha siku moja tutasema. Siku hiyo ilikuwa haijafika kwa miaka saba.

Basi akaomba ruhusa. Alitaka kujitenga na shule, na hospitali, na shughuli zote za misaada, aende tu kwa watu akazungumze nao juu ya Mungu na ujumbe wa Kristo. Alimweleza askofu wazi kwamba hana nadharia, hana mpango, hana mbinu wala hakika ya kitakachotokea. Askofu alimkubalia.

Tukitazama nyuma, hatua ile haikuwa ya mtu mmoja aliyechoka. Padre Donovan alikuwa amesoma historia ya shirika lake. Alijua kwamba Bagamoyo, wamisionari waliwakomboa watumwa kwa fedha na kuwajengea vijiji vya Kikristo, kazi ya huruma kubwa, lakini watu waliozunguka vijiji vile walibaki nje ya ukuta. Alijua kwamba baadaye shule ilichukua nafasi ya kijiji. Mwaka 1928, jijini Dar es Salaam, mjumbe wa Baba Mtakatifu, Arthur Hinsley, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster, aliwaelekeza wamisionari kwamba wakishindwa kufanya yote mawili, wazitangulize shule hata kama makanisa yatadorora. Wengi wetu ni matunda ya uamuzi ule. Babu zetu walibatizwa darasani. Si haki kuudharau. Lakini Umaasaini ufunguo huo haukufungua mlango, na Padre Donovan alikuwa na ujasiri wa kusema hivyo hadharani.

Alikuwa amemsoma pia Roland Allen, mmisionari Mwanglikana aliyefanya kazi China na ambaye mwaka 1912 alitoa kitabu kilicholinganisha njia za Mtakatifu Paulo na njia za wamisionari wa nyakati zake. Allen alishangaa kwamba Paulo alikaa mahali miezi au miaka michache, akaacha Kanisa lililo kamili, akaenda zake, wakati wamisionari wa kisasa hukaa karne nzima wakisema watu hawajawa tayari. Maandiko yake hayakusikilizwa sana enzi za uhai wake. Alifia Nairobi mwaka 1947, si mbali sana na Loliondo, miaka kama ishirini kabla ya padre Mkatoliki kuyafanyia kazi maneno yake.

Mtu wa kwanza aliyemwendea ni mzee Ndangoya. Alimweleza yeye na wazee wenzake kwamba wanamjua kwa shule na hospitali, lakini sasa amekuja kwa jambo jingine: kuzungumza juu ya Mungu katika maisha ya Wamaasai. Hataleta kitu kingine. Mzee Ndangoya alimsikiliza, kisha akamshangaa. Kama hilo ndilo lililowaleta Umaasaini, alitaka kujua, kwa nini wamechelewa hivyo kulisema?

Sisi tuliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulicheka, halafu tukanyamaza. Miaka yote ile mapadre walidhani wanawasubiri Wamaasai wawe tayari. Kumbe Wamaasai nao walikuwa wakisubiri.

Mpango ulikuwa rahisi. Alichagua maboma sita, kila boma na siku yake katika wiki. Alifika alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni, maana baada ya hapo hakuna wa kuzungumza naye. Alizungumza Kimaasai. Alileta fundisho moja, wakalijadili, kisha akaondoka, na wao wakaendelea kulizungumza wiki nzima bila yeye. Hakukuwa na shule, pikipiki, sukari, wala blanketi. Baada ya mwaka mmoja kila jamii ingeulizwa kama inaukubali ujumbe huo au inaukataa.

Yaliyotokea katika mazungumzo yale ndiyo yanayotufanya tukirudie kitabu chake kila mara. Alidhani anakwenda kufundisha, na kwa sehemu kubwa alifundishwa. Siku moja aliwaeleza habari za Abrahamu, aliyeitwa aache nchi yake na miungu ya ukoo wake amfuate Mungu asiyefungwa na kabila lolote. Aliwaambia kwamba Engai wao wamemfunga ndani ya Umaasai, kana kwamba anawapenda wao na ng'ombe wao tu. Wazee wakafikiri. Kisha mmoja akamuuliza kama kabila lake yeye limekwisha kumpata Mungu huyo aliye juu ya wote.

Swali hilo lilimkuta hana jibu tayari. Alifikiria nchi za Wakristo zilivyopigana, kila jeshi likimwomba Mungu kama mali ya taifa lake. Alifikiria nchi yake mwenyewe. Kanuni ya Imani alikuwa anaijua tangu utoto, na kama angetaka angejibu ndiyo bila mtu yeyote kumpinga. Alijibu hapana. Alikiri kwamba watu wake nao hawajamfikia, na akawaomba wamtafute pamoja. Tunaosoma falsafa tunajua jinsi ilivyo rahisi kushinda mjadala. Kushindwa namna ile, mbele ya watu uliokuja kuwafundisha, hakufundishwi darasani.

Mara nyingine alikuwa na mzee mmoja, na walikuwa wakizungumza juu ya imani na mashaka. Neno la Kimaasai lililokuwa likitumika kwa imani lilimaanisha kukubaliana na jambo. Mzee akamweleza kwamba neno hilo halitoshi. Kukubali hivyo ni kama Mzungu anayewinda kwa bunduki: anasimama mbali, jicho na kidole tu ndivyo vinavyofanya kazi. Mtu anayeamini kweli ni kama simba anayemfuata mnyama. Pua, macho na masikio vinamtafuta, miguu inakimbia, mwili mzima unaruka, na akishamkamata anamkumbatia kwa mikono yake hadi awe sehemu yake. Padre Donovan alidhani fundisho limeishia hapo. Mzee akaendelea. Wao hawakumtafuta padre, bali padre ndiye aliyewafuata hadi porini, bomani, kwenye mbuga walikochunga. Akawaambia wamtafute Mungu. Lakini wao hawakuwahi kumtafuta Mungu. Mungu ndiye aliyewatafuta na kuwapata. Simba katika habari hii, mzee alihitimisha, ni Mungu.

Yule mzee hakuwahi kukaa darasani, na sisi tumeshasoma kurasa nyingi juu ya neema inayomtangulia mwanadamu.

Mwaka ukaisha, na siku ya kuamua ikafika bomani kwa mzee Ndangoya. Padre alifanya kama tulivyozoea kufanya sote kabla ya ubatizo: alianza kuchambua. Mzee huyu alikosa mafundisho mengi. Mama yule hakuonyesha kuelewa. Kijana huyu alikuwa malishoni karibu mwaka mzima. Hao wangesubiri, wengine wangebatizwa. Ndangoya alimkatiza, kwa heshima lakini kwa uthabiti. Alimuuliza kwa nini anataka kuwavunja. Alimweleza kwamba padre alipokuwa ameondoka, wao walikaa na kuzungumza. Walikuwamo wavivu, na wenye bidii waliwasaidia. Walikuwamo wazito wa kuelewa, na wepesi waliwaeleza. Walikuwamo wenye imani ndogo, na wenye imani kubwa waliwashika mkono. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wao tangu siku ya kwanza, na sasa anasema kwa niaba ya wote kwamba wanaamini.

Padre Donovan aliwabatiza wote. Mzee Ndangoya alichukua jina la Abrahamu, kwa kuwa naye aliacha mengi kumfuata Mungu asiyemjua tangu zamani.

Mwalimu mmoja wa sheria za Kanisa angeweza kuwa na maswali hapa, na sisi pia tunayo. Imani ni tendo la hiari ya mtu binafsi, hakuna anayeweza kuamini kwa niaba ya mtu mzima mwenzake. Lakini katika Matendo ya Mitume tunasoma mara kadhaa kwamba mtu aliamini, akabatizwa yeye na nyumba yake yote. Pengine sisi tuliolelewa katika jumuiya ndogondogo tunapaswa kumwelewa Ndangoya kuliko alivyoweza kumwelewa mtu wa Marekani. Tunasema pengine.

Boma jingine lilisema hapana. Nao walisikiliza mwaka mzima, walikarimu, walijadili vizuri, na mwishoni walieleza kwamba wameuelewa ujumbe na hawautaki. Padre Donovan aliumia sana, na hakuficha kuumia kwake. Angeweza kurudi na dawa za ng'ombe. Angeweza kuwajengea bwawa na kujaribu tena baada ya miaka miwili. Hakufanya hivyo. Aliona kwamba kama watu hawana nafasi ya kusema hapana, basi hata ndiyo ya mzee Ndangoya haina uzito. Hapa ndipo tunapoiona sababu yake ya kukataa kufika na zawadi. Mtu aliyepokea bati la nyumba yake kutoka kwako, atakuambia hapana kwa uso upi?

Katika jamii zilizokubali, Kanisa lilianza kuchukua sura ambayo yeye hakuipanga. Kwa neno Kanisa alitumia lugha ya rika, ule undugu wa Kimaasai unaomfunga mtu na wenzake tangu kutahiriwa hadi kufa. Kwa padre alikataa kabisa kulinganishwa na oloiboni. Aliona hatari ya watu kumwona kama mganga mwenye siri za Mungu, akachagua neno la wasaidizi, watu wanaoihudumia jamii. Mate, ambayo kwa Wamaasai ni baraka na alama ya kusamehe, yalipata nafasi katika mapatano kati ya waliokosana. Kanuni ya imani waliyoitunga ilimzungumzia Kristo kwa sura za safari na za fisi wa mbugani.

Nyasi ndizo zinazotugusa zaidi. Mmaasai akitaka amani na mwenzake humpa konzi ya nyasi, na akizipokea ugomvi umekwisha. Siku ya Misa nyasi zilipita kutoka mkono hadi mkono, boma hadi boma, kabla ya adhimisho. Kama mahali fulani mtu au familia ilikataa kuzipokea, jamii yote ilijua kuna jambo halijaisha. Ikiwa halikuweza kumalizwa, siku hiyo Misa haikuadhimishwa. Padre alikuwa amesafiri mwendo mrefu kuja, na alirudi bila kuadhimisha. Sisi hupeana amani ya Kristo kwa kugusana vidole, macho yakiwa tayari kwenye kitabu cha nyimbo.

Ekaristi ilileta mtihani mwingine. Kwa mila, wanaume wa Kimaasai hawakula mbele ya wanawake. Mezani pa Bwana ilibidi wale pamoja, na yeye hakulegeza hapo. Wazee walipata shida. Wasichana waliielewa haraka kuliko wote kwamba habari hii ni njema, na njema kwao hasa.

Sasa tuseme na upande mwingine, maana makala za aina hii mara nyingi humfanya mtu malaika. Padre Donovan aliamini kwamba mmisionari anapaswa kufanya kazi yake kwa muda mfupi uliopangwa, akabidhi, aondoke. Aliondoka mwaka 1973. Lakini jamii aliyoiacha ilihitaji Ekaristi, na Ekaristi inahitaji padre. Wazee kama Ndangoya, waliokuwa viongozi wa kweli wa imani kwa watu wao, hawangeweza kupewa daraja: hawakujua kusoma, walikuwa na wake, wengine zaidi ya mmoja. Suala la ndoa za wake wengi lilimfanya mwenzake wa shirika moja, Padre Eugene Hillman, aandike kitabu kizima mwaka 1975, na hadi leo halijaisha. Hivyo jamii zilizobatizwa kwa uhuru mkubwa zilibaki zikimsubiri padre afike kwa gari, kama vigango vyetu vyote.

Tena, yeye alizungumza zaidi na wazee wa kiume, kwa kuwa ndio wanaosema kwa niaba ya boma. Mtafiti Dorothy Hodgson, aliyechunguza kwa miaka mingi kazi ya wamisionari wa Roho Mtakatifu kati ya Wamaasai na kutoa kitabu mwaka 2005, alikuta jambo ambalo kila katekista wa Umaasaini angemwambia: wamisionari walilenga wanaume, lakini waliojaa kanisani ni wanawake.

Na shule? Serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini mara baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969. Mmisionari aliyekuwa ameweka tumaini lote katika shule alijikuta hana kitu mkononi, na kwa hilo Padre Donovan aliona mbali. Lakini watoto wa shule zile ndio waliokuja kuwa walimu, wauguzi, madiwani, na baadhi mapadre. Na nenda Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, umwambie mama aliyembeba mtoto mwenye homa usiku kucha hadi hospitali ya misheni kwamba hospitali si Injili. Sisi hatutathubutu. Tunadhani Padre Donovan mwenyewe asingethubutu. Hakuomba hospitali ifungwe, aliomba yeye atolewe humo. Alichokipinga ni kitanda cha hospitali kufanywa kisingizio cha kunyamaza.

Ugumu kwetu uko hapo. Kunyamaza kwa miaka saba kulifanywa na watu wema, wachapakazi, waliolala wamechoka kila usiku.

Baada ya kurudi Marekani aliandika. Kitabu chake, Christianity Rediscovered, kilitoka mwaka 1978, na kikasomwa katika seminari za Wakatoliki na za Waprotestanti. Kichwa chake kinasema Ukristo uligunduliwa upya, na aliyeugundua ni yeye, huku Loliondo, mikononi mwa watu waliokuwa hawajausikia. Mwaka 1989 alitoa kitabu cha pili juu ya Kanisa la nyumbani kwake. Alifanya kazi na vijana wa huko waliokuwa wameacha kwenda kanisani, na akajaribu kuwaendea kama alivyowaendea watu wa maboma: bila kuwaita warudi walikotoka, wala kuwavuta waje alipo yeye, bali kwenda nao mahali ambapo hata yeye hajawahi kufika. Barua alizoziandika kwa jamaa na marafiki kutoka Tanzania, za mwaka 1957 hadi 1973, zilichapishwa mwaka 2011, miaka kumi na mmoja baada ya kifo chake.

Juni inakaribia, na mpango wa likizo umeshabandikwa ukutani. Baadhi yetu wamepangiwa Karatu, wawili Endulen. Mmoja wa hao wawili ameanza kwenda getini jioni baada ya masifu, kwa kijana mlinzi ambaye nyumbani kwao ni Ngorongoro, ili amfundishe Kimaasai. Hadi sasa anajua salamu za wazee, salamu za akina mama, na majina ya rangi za ng'ombe. Juzi alimuuliza neno la imani, na mlinzi alifikiri kwa muda mrefu, akasema atampigia baba yake simu amuulize.